Mgongo ukilia "ka!" bado hujapona: namna ya kutumia tiba ya kunyoosha viungo ukiwa mchezaji wa mchangani

Hapa Pasiansi, Mwanza, wananiita Dada Barafu. Jina lenyewe limetokana na ndoo. Kila Jumamosi na Jumapili, kabla ya mechi, napitia kwa wauza samaki Kirumba, nanunua barafu ile ya kupozea samaki, naijaza kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko na kupanda nayo daladala. Inanuka sangara. Mchezaji aliyeteguka hajawahi kuniuliza inanuka nini.

Nimecheza mpira wa pete miaka kumi na moja, nafasi ya senta, mpaka goti lilipokataa. Mchana ni msaidizi katika chumba cha fiziotherapia, jioni nabeba begi la huduma ya kwanza la timu mbili za mtaani, mabinti wa pete na vijana wa soka. Mimi si daktari. Lakini enka zilizopita mikononi mwangu nimeshaacha kuzihesabu, na karibu kila wiki kuna mtu ananisogelea na simu mkononi: "Dada, tazama huyu jamaa anavyonyoosha watu. Mgongo unalia ka! ka! ka! Na mimi niende?"

Huwa namwambia anaweza kwenda. Ila asiende siku aliyoumia, asiende kwa kila anayejiita fundi, na asiende kuifuata hiyo "ka!".

Kinacholia ni nini

Tiba hii kitaalamu inaitwa kairopraktiki. Ilianzia mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895. Mwanzilishi wake, D. D. Palmer, kabla ya hapo alikuwa anatibu watu kwa kuwawekea mikono, akidai mwili wake una nguvu kama ya sumaku. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mfanya usafi aliyekuwa na shida ya kusikia. Palmer akamsukuma pingili ya mgongo, akatangaza kwamba mtu yule amesikia, na kutoka hapo akajenga nadharia kwamba karibu magonjwa yote yanatokana na pingili zilizokaa vibaya. Sayansi haikumuunga mkono, na wengi wanaofanya kazi hii leo hawaihubiri tena. Kilichobaki ni ufundi wa mikono: tabibu anakipeleka kiungo mpaka mwisho wa mwendo wake, kisha anakisukuma mara moja, haraka, kwa umbali mdogo sana.

Mlio wenyewe hautoki kwenye mfupa unaorudi mahali pake. Ndani ya kiungo kuna ute wa kulainisha, na mifupa miwili ikitenganishwa ghafla, shinikizo linashuka na pengo la gesi linajitokeza kwenye ule ute. Mwaka 2015 watafiti wa Alberta, Kanada, walimvuta mtu vidole akiwa ndani ya MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, wakaliona pengo hilo likitokea pale pale kidole kilipolia. Unaweza kujaribu mwenyewe sasa hivi. Vuta kidole kimoja mpaka kilie, kisha jaribu kukiliza hicho hicho tena. Hakitalia mpaka zipite kama dakika ishirini. Kama ingekuwa ni mfupa umerudi mahali pake, basi kidole chako kinateguka kila baada ya dakika ishirini, na unajua si kweli.

Nalisema hili mapema kwa sababu vijana wangu wengi wameshaambiwa, "Mgongo wako umepinda, ndiyo maana hukimbii." Usain Bolt ana uti wa mgongo uliopinda, amelisema mwenyewe hadharani, na mwaka 2009 kule Berlin alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58. Mgongo wake ulihitaji kazi kubwa ya kuimarisha misuli inayoushikilia. Haukuhitaji kunyooshwa kama waya.

Faida ipo, tena ya kweli, ila ni ya kiasi. Kwa maumivu ya kiuno, kusukumwa pingili na mtu anayejua kazi kunaweza kupunguza maumivu na kulegeza mgongo uliokakamaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unaitaja tiba hii pamoja na mazoezi, elimu na kuchuliwa. Huo huo unashauri watu wasipewe ile mikanda ya kiuno inayotembezwa mpaka stendi. Waingereza katika mwongozo wao wa 2016 walikuwa wakali zaidi: tiba ya mikono kwa kiuno itolewe tu ikiwa sehemu ya mpango wenye mazoezi ndani yake. Kwa hiyo ichukulie "ka!" kama mtu aliyekufungulia geti. Kuingia uwanjani na kucheza ni juu yako.

Siku tatu za kwanza asikushike mtu

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilitua vibaya nikidaka pasi, enka ikageuka kwa ndani. Usiku ule ule shangazi alinipeleka kwa mzee mmoja wa kunyoosha. Akanikanda kwa maji ya moto na chumvi, akauvuta mguu, akauzungusha, mimi nimeng'ata kanga. Asubuhi mguu ulikuwa kama kiazi kitamu kilichopasukia ardhini. Wiki mbili baadaye eksirei ikaonyesha ufa kwenye ule mfupa wa nje wa unyayo. Mzee yule alikuwa amezungusha mguu uliovunjika. Simlaumu sana, maana hakuna aliyemfundisha kubonyeza kwanza. Mimi nimefundishwa, na sasa nakufundisha wewe.

Mchezaji akianguka, mwache akae dakika chache, alalamike, atukane akitaka. Kisha mwambie asimame atembee hatua nne. Kuchechemea kunaruhusiwa. Baada ya hapo bonyeza mfupa, nyama achana nayo. Anza na zile nundu mbili za enka, ya nje na ya ndani. Bonyeza ukingo wa nyuma wa kila nundu kuanzia ncha ya chini, ukipanda sentimita sita hivi, pungufu kidogo ya upana wa vidole vinne. Halafu pitisha kidole kwenye ubavu wa nje wa unyayo, upande wa kidole kidogo, mpaka ukutane na mfupa unaochomoza katikati ya safari, ubonyeze. Ule uliopasuka wangu ni huo. Malizia na mfupa ulio juu ya upinde wa unyayo kwa ndani, mbele kidogo ya enka. Akishtuka kwa maumivu kwenye mfupa mmojawapo, au akishindwa zile hatua nne, hiyo ni safari ya eksirei. Kanuni hii ilitungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, na hospitali nyingi duniani zinaitumia. Akipita yote, uwezekano wa mfupa kuvunjika ni mdogo sana na unaweza kumhudumia nyumbani.

Barafu nampa dakika kumi hadi kumi na tano, na katikati naweka kitambaa, maana barafu tupu inaunguza ngozi. Ikibidi anarudia baada ya saa mbili. Siku hizi siipi sifa nyingi. Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeeneza kanuni ya kupumzika, barafu, kubana na kuinua mguu mwaka 1978, alijirudi mwenyewe mwaka 2014 akasema huenda barafu inachelewesha uponaji. Mimi naitumia kutuliza maumivu tu, kisha nafunga bandeji ya kubana kuanzia karibu na vidole kupanda juu ya enka, bila kukaza mpaka vidole vibadilike rangi. Mguu unawekwa juu ya mto.

Na tafadhali, asiende kuuloweka mguu ziwani. Najua maji ya Nyanza ni ya baridi asubuhi, najua wakimbiaji wanavyotoka mazoezini wakasimama ufukweni maji yakiwafika magotini wakijisifu. Kwenye maji ya kina kifupi yenye majani ndiko wanakokaa konokono wa kichocho, na kidudu chake kinapenya ngozi bila wewe kuhisi kitu. Enka itapona kwa wiki tatu, kichocho kikubakie. Ndoo ya maji ya bomba na vipande vya barafu inatosha.

Ndani ya siku hizo mbili tatu usikandwe kwa maji ya moto, usichuliwe kwa nguvu, usinyooshwe, usinywe pombe kwa kisingizio cha kuua maumivu. Vyote hivyo vinaongeza damu na uvimbe mahali ambapo mishipa midogo imechanika. Ila usilale kitandani wiki nzima pia. Kuanzia kesho yake, ukiwa umekaa, andika herufi hewani kwa dole gumba la mguu ulioumia, A mpaka Z, mara tatu kwa siku. Siku ya tatu anza kuukanyagia mguu kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Wa kwenda hospitali moja kwa moja

Kuna watu ambao nikiwaona kwa fundi wa kunyoosha nawashusha kitandani kwa mikono yangu. Mwenye mgongo unaouma pamoja na ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, au mkojo umegoma kutoka, au miguu yote miwili imelegea: huyo ni wa usiku huo huo, asisubiri asubuhi. Aliyeangukia shingo au kichwa akapoteza fahamu hata kwa sekunde chache, aliyetapika, anayerudia swali lile lile: huyo naye hachezi tena siku hiyo, hata akiapa. Goti lililolia "pa!" ndani likavimba ndani ya saa mbili, huenda ligamenti imekatika. Aliyehisi amepigwa teke kisiginoni, akageuka akakuta nyuma hakuna mtu, na sasa hawezi kusimamia vidole, mwangalie ile kano nene ya nyuma ya kisigino.

Halafu yapo mawili ambayo mafundi wa kwenye video hawayataji. Mgongo unaouma wiki baada ya wiki, hata ukilala, na jasho la usiku, na mwili unapungua: hiyo inaweza kuwa TB ya uti wa mgongo. Si lazima ukohoe. Pingili iliyoliwa na TB ukiisukuma unaweza kumpoozesha mtu. La pili ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kanda yetu ya Ziwa ina wagonjwa wengi, na wapo vijana wanaocheza bila kujijua. Kijana ambaye mifupa ya mgongo na miguu inamuuma kwa vipindi, macho yanakuwa ya njano, anachoka kabla ya wenzake, apimwe damu kwanza. Mwanza hatuna kisingizio: Sekou Toure ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Bugando ni ya kanda, na kliniki ya mtaani kwenu itakuandikia barua.

Jambo moja dogo. Aliyeumia mgongo au shingo msimpandishe bodaboda mshikaki, katikati ya watu wawili, kichwa kikiyumba kwenye matuta. Nimeliona hilo mara tatu. Mlazeni chini, mmoja amshikilie kichwa, mwingine atafute gari hata kama ni la mchanga.

Kumchagua wa kukushika

Beki wetu wa kati ni mbebaji pale soko la samaki la Mwaloni. Saa kumi alfajiri yupo kwenye magunia ya dagaa, Jumapili saa kumi jioni yupo uwanjani. Mwaka jana kiuno kilimkamata akiwa anajitwisha, akakaa siku kumi anatembea kama mtu anayetafuta sarafu chini. Tulimpima kazini kwetu, hakuna dalili ya hatari. Akang'ang'ania anataka kunyooshwa. Nikampeleka kwa tabibu ambaye vyeti vyake nilikuwa nimeviona kwa macho.

Vyeti ninavyosema ni hivi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2005 kinataka anayesomea kairopraktiki asipungue saa 4,200 za masomo na mafunzo, karibu miaka minne ya kusoma muda wote. Semina ya wikendi haimo. Barani kwetu wanasomeshwa Afrika Kusini, kwenye Durban University of Technology na University of Johannesburg. Wengine wamesoma Ulaya au Marekani. Kama mtu anakuambia yeye ni wa tiba mbadala, muulize usajili wake wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo lipo kwa sheria ya mwaka 2002. Mtu mwenye karatasi hakasiriki ukimuomba karatasi. Na usisahau kwamba wataalamu wengi wa fiziotherapia nao wanajua kusukuma viungo, kwa hiyo ukikosa kairopraktiki hujakosa tiba.

Huyu tabibu hakumgusa beki wetu kwa dakika ishirini za mwanzo. Alimuuliza analala vipi, ananyanyua nini, ameshawahi kukohoa damu, amepungua uzito, mkojo ukoje. Akamgonga magoti kwa kinyundo cha mpira. Akamlaza chali akainua mguu mmoja ukiwa umenyooka, akauliza maumivu yanaishia kiunoni au yanashuka mpaka chini ya goti. Akamwambia asimamie vidole, kisha visigino. Akapitisha dole gumba kwenye kila pingili, polepole, kama mtu anayehesabu tasbihi. Ndipo akamweleza, kwa Kiswahili cha kawaida, anachotaka kufanya na kwamba anaweza kukataa.

Akamlaza ubavu, mguu wa juu umekunjwa, bega limesukumwa nyuma. "Vuta pumzi. Itoe." Pumzi ilipoisha akashuka na uzito wake kidogo tu. Ka! Jamaa akatoa macho kana kwamba ameona maiti imepiga chafya. Akasimama, akainama. Mwanzo vidole vyake vilikuwa vinaishia kwenye mapaja, sasa vikafika chini ya magoti. Akacheka mwenyewe njia nzima mpaka Kirumba.

Jumatatu alfajiri akarudi kwenye magunia. Jumatano nikapigiwa simu: kiuno kimerudi vile vile.

Kosa hilo lilikuwa langu. Nilimpeleka kufunguliwa geti, nikamwacha amesimama pale pale. Ile nafuu inadumu saa kadhaa, pengine siku chache, na muda huo ndio wa kufanya mazoezi ambayo jana maumivu yalikuwa yanakukatalia. Sasa simpeleki mchezaji popote bila kuwa na daftari la wiki sita mkononi.

Nikiwa bado kitandani kwa tabibu, kuna mambo ambayo mimi nakataa na nakushauri ukatae. Shingo yangu haizungushwi kwa nguvu. Nyuma ya shingo, ndani ya pingili, inapita mishipa ya damu inayopanda kwenye ubongo, na kwa nadra mshipa huo umechanika baada ya shingo kunyongwa ghafla, mtu akapata kiharusi. Ni nadra, ila shingo inatibika kwa njia za taratibu zaidi, sioni sababu ya kubahatisha. Kama umeshashikwa na baadaye ukapata kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito au ganzi usoni, kimbia hospitali na useme wazi kwamba shingo ilizungushwa. Nakataa pia kulipia safari thelathini kwa mkupuo. Kama hakuna mabadiliko ndani ya safari nne hadi sita, dawa yako haipo hapo. Na anayesema ataponya pumu, kisukari au ugumba kwa kusukuma mgongo, vaa viatu uondoke.

Daftari la wiki sita

Nitaeleza la kiuno kwa sababu ndilo linaloulizwa zaidi. Fanya zoezi la kwanza siku ile ile uliyonyooshwa.

Kutembea. Dakika kumi, mara tatu kwa siku, kwenye tambarare. Mwanza yetu ni vilima na mawe, kwa hiyo chagua njia: kandokando ya barabara ya Makongoro ni sawa, ngazi za Mabatini ziache kwanza.

Daraja. Lala chali, kunja magoti, inua makalio mpaka mwili uwe mstari mmoja toka mabegani hadi magotini, kaa sekunde kumi, shuka. Mara nane. Ukihisi kazi kiunoni badala ya makalioni, vuta visigino karibu.

Kikombe. Simama kwa mikono na magoti kama mtoto anayetambaa. Mwenzako akuwekee kiunoni kikombe cha plastiki chenye maji nusu. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, taratibu, kaa sekunde kumi, badilisha. Maji yakimwagika umeyumba. Beki wetu alimwagikiwa siku nne mfululizo, mke wake akamwambia afanyie nje. Wiki ya pili maji hayakutikisika, na ndiyo wiki aliyoacha kuamka usiku.

Ubavu. Lalia kiwiko na magoti, inua nyonga kutoka sakafuni, sekunde kumi kila upande. Baada ya wiki mbili nyoosha miguu.

Zoezi lililomsaidia zaidi, kwa maoni yangu, halionekani hata kama ni zoezi. Chukua fimbo ya fagio, ishike nyuma ya mgongo, iguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa juu ya makalio. Sasa inama kwa kurudisha makalio nyuma, kama unafunga mlango kwa makalio huku mikono imejaa vyombo. Fimbo ikiacha kugusa sehemu mojawapo, umeinamia mgongo badala ya nyonga. Rudia mara kumi na tano kila asubuhi kabla ya kunyanyua chochote. Na gunia mwache mwenzako akutwishe. Kujitwisha peke yako ndiko kulikokuleta hapa.

Kwa enka, daftari ni fupi zaidi. Simama mguu mmoja ukipiga mswaki, sekunde thelathini kila mguu. Ukizoea, fumba macho, na shika sinki wala usijione mwamba. Panda juu ya vidole na kushuka polepole kwenye ukingo wa ngazi. Wengi wanaacha haya maumivu yakiisha, kisha wanateguka enka ile ile mwezi unaofuata, wanasema wamerogwa.

Diklofenaki ya kumeza kabla ya mechi ili usisikie maumivu, hapana. Inachoma tumbo, inachosha figo hasa ukiwa na kiu na jua la saa tisa, na inakufanya ukimbilie mguu ambao haujawa tayari.

Je, inaongeza kasi?

Hili nalipita haraka. Wanariadha wakubwa wengi wana mtu wa kuwanyoosha, kwa hiyo tunadhani kunyooshwa ndiko kulikowafanya wakubwa. Ushahidi kwamba mtu mzima asiye na maumivu atakimbia au kuruka zaidi kwa sababu mgongo umelizwa ni dhaifu. Ukitaka kupungukiwa na majeraha, fedha ya nauli nunua koni, ufanye programu ya kupasha misuli ya FIFA inayoitwa 11+. Ni dakika ishirini, mazoezi kumi na matano, angalau mara mbili kwa wiki. Ilipojaribiwa kwa mabinti wanaocheza soka Norway, majeraha yalipungua kwa karibu theluthi moja. Mabinti wangu wa pete wanaifanya pia, tunaruka tu yale ya mpira mguuni.

Siku ya kurudi uwanjani

Simrudishi mtu kwa tarehe. Anarudi kwa mtihani. Mwenye enka apande kwenye vidole vya mguu mmoja mara ishirini bila kushika ukuta, kisha aruke kwa mguu huo mmoja kwenda mbele mara tatu, nilinganishe na mguu mzima. Halafu akimbie umbo la nane kuzunguka koni mbili, kwanza polepole, kisha kwa kasi yake. Mwenye kiuno ainame na fimbo ya fagio, anyanyue dumu la lita ishirini mara tano, akimbie, asimame ghafla, ageuke. Akipita anafanya mazoezi kamili na wenzake wiki nzima. Kesho yake asubuhi ndiyo inayotoa majibu: akiamka amekakamaa kuliko jana, anarudi hatua moja nyuma. Mechi ni baada ya hapo.

Beki wetu alikuja wiki ya sita, Jumapili, jezi ameshaivaa kabla hajanisalimia. Kocha ananitazama, mashabiki wanaimba jina lake. Dumu alilinyanyua vizuri mara nne. Mara ya tano nikaona kisogo kimeachana na fimbo. Nikamwambia avue jezi, akae nami kwenye benchi, anishikie ndoo.